Masinde Muliro: mwanamageuzi, au mtu aliyefuata upepo?

*"Mwalimu, pokea salamu kutoka Kitale. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na amepewa kazi ya kuandika kuhusu kiongozi mmoja wa magharibi mwa Kenya aliyepigania mageuzi. Alimchagua Masinde Muliro kwa sababu marehemu babu yake alikuwa mfuasi wake. Tunayo hata picha ya mzee amesimama juu ya matatu, ameinua vidole viwili, na nyuma yake ameandika 'Kamukunji, Jan. 92'. Mjomba wake aliposoma insha hiyo alicheka. Alisema Muliro alikuwa chama cha KADU pamoja na masetla wakitaka kuigawa Kenya, kisha akaingia chama tawala cha KANU akala na wenzake, na aliponyimwa ndipo akajifanya mwanamageuzi. Akaongeza kwamba ndiye aliyeanzisha Dini ya Msambwa. Mtoto amechanganyikiwa, nami pia. Tumwite mwanamageuzi au tusimwite? Ni kweli alipewa sumu? Tena baba alikuwa akituambia shamba letu alilipata kwa mkono wa Muliro. Hilo linaweza kuthibitishwa?"*

Mama, nianze na lile jepesi. Dini ya Msambwa haikuanzishwa na Masinde Muliro. Ilianzishwa na Elijah Masinde, na mjomba si wa kwanza kuwachanganya hao wawili: wote ni Wabukusu wa upande wa Kimilili, na wote waliwakosesha wakoloni usingizi. Elijah alikuwa mcheza kandanda aliyeichezea Kenya kabla ya kuwa nabii. Miaka ya arobaini aliwahimiza watu warudie ibada za mababu na Wazungu waondoke. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na mwenyewe alipitia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akapelekwa uhamishoni, na hata baada ya Uhuru serikali yetu wenyewe haikumwacha. Alifariki 1987. Muliro ni mtu mwingine kabisa: mwalimu, msomi wa chuo kikuu, mtu wa suti na hoja za bungeni. Binti afute sentensi hiyo kama aliikubali, na mambo mengine tuyatazame kwa utulivu.

Maana hayo mengine, nikueleze ukweli, mjomba hakuyatunga. Muliro alikuwa KADU. KADU ilishirikiana na masetla. Baadaye alikuwa waziri katika serikali ya chama kimoja. Ninachopinga ni hitimisho lake, kwamba mtu wa namna hiyo aligundua mageuzi siku sahani ilipoondolewa mbele yake. Mgala muue na haki umpe; tarehe zenyewe zinakataa hesabu hiyo.

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa 1922, akafiwa na wazazi angali mdogo na kulelewa na ndugu. Mwishoni mwa miaka ya arobaini alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Utazame wakati huo vizuri: chama cha Makaburu kilichukua serikali 1948, kikaanza kuandika ubaguzi wa rangi katika sheria, kifungu baada ya kifungu. Kijana wa Kimilili alikaa pale miaka hiyo hiyo akisoma historia na falsafa ya siasa, akishuhudia jinsi kundi moja linavyoweza kuchukua dola nzima na kuitumia dhidi ya waliobaki. Mimi huwa nasoma maisha yake yote kuanzia hapo. Aliporudi alifundisha, ikiwemo Chuo cha Walimu cha Siriba pale Maseno, kisha akaingia siasa.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya mtu mmoja kura moja. Uliulizwa umesoma wapi, una mali gani, umeitumikia serikali miaka mingapi, na kwa majibu hayo mtu aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu, na wengi hawakuwa nayo hata moja. Nyanza Kaskazini, jina la wakati huo la nchi yote ya Waluhya, Muliro alimshinda W. W. W. Awori, mwanasiasa aliyekuwa na jina kubwa kumpita. Walichaguliwa wanane nchi nzima: pamoja naye walikuwamo Oginga Odinga, Tom Mboya, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Jambo la kwanza walilofanya ni kuikataa katiba iliyowaingiza barazani, na kukataa kupokea vyeo vya uwaziri chini yake. Kwa hiyo Muliro alianza siasa kwa kukataa sahani, mjomba apende asipende.

Sasa KADU, maana hapo ndipo kidonda kilipo.

Vyama viwili vilizaliwa 1960. KANU ilikusanya zaidi Wakikuyu na Wajaluo, jamii kubwa zilizokuwa zimejipanga mapema. KADU ilikusanya walioogopa kumezwa: Wakalenjin, Wamasai, Wamijikenda, na sehemu kubwa ya Waluhya. Ngala alikuwa rais wa chama, Muliro makamu wake. Hoja yao ilikuwa hii: Mwingereza akiondoka na kuyaacha madaraka yote Nairobi, basi atakayeikalia Nairobi ndiye atakayekuwa gavana mpya, tofauti ikiwa rangi tu. Wakataka majimbo yenye mabunge yake, polisi wake na usemi juu ya ardhi, pamoja na seneti ya kuyalinda.

Binti asiandike kwamba hoja hiyo ilikuwa safi kama maji ya mlima Elgon. Masetla waliipenda kwa sababu zao: serikali kuu dhaifu ingechelewa kuyagusa mashamba yao. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa. KADU ikaingia, ikishikana mkono na kundi la Michael Blundell, kiongozi wa masetla, na Muliro akawa waziri. Ukiwa mfuasi wa KANU mwaka huo, ungewaitaje watu hao? Mjomba amerithi neno lililosemwa kwa hasira wakati ule, na hasira ile ilikuwa na sababu. Majimbo yalikuwa na upande mwingine mbaya pia: ukichora mpaka kwa kufuata makabila, mtu aliye upande usio wake anakuwa mgeni shambani mwake. Nyinyi wa Trans Nzoia mnalijua hilo. Muliro alitaka Kitale iwe Magharibi, wenzake Wakalenjin ndani ya KADU hiyo hiyo wakataka iwe Bonde la Ufa, na ikabaki Bonde la Ufa. Chama cha kutetea wadogo kilikaribia kupasuka kwa kugombania mji mmoja.

Lakini hofu yenyewe ilikuwa ya kweli? Tazama yaliyofuata. Katiba ya majimbo ilianza kutumika 1963. Kufikia Desemba 1964 mabunge ya majimbo yalikuwa yamenyang'anywa nguvu na Kenya imekuwa jamhuri yenye rais mwenye madaraka makubwa. KADU ilijivunja Novemba mwaka huo na wabunge wake wakavuka kwenda KANU. Seneti ikaondolewa 1966. Mwaka huo huo Jaramogi Oginga Odinga akatoka serikalini na kuunda chama cha upinzani, KPU. Oktoba 1969, baada ya watu kupigwa risasi Kisumu siku Kenyatta alipofungua hospitali mnayoiita Rasha, KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Yote ambayo KADU ilisema yangetokea yalitokea, na kwa kiasi kikubwa yalimpata mtu aliyekuwa ameipinga KADU kwa nguvu zake zote. Mzaha wa historia huo, na sidhani Jaramogi na Muliro hawakuuona.

Kuanzia 1969, basi, ukitaka kuwa mbunge ulikuwa na mlango mmoja tu, KANU. Vijana wa leo huona hilo gumu kulielewa kwa sababu wamekulia katika nchi ya vyama vingi, ambako kuhama chama ni kazi ya asubuhi moja. Wakati ule kukaa nje ya KANU kulimaanisha kukaa nje ya siasa, au kizuizini. Ubishi wote ulihamia ndani ya chama na ndani ya bunge. Muliro alichagua kubishana akiwa ndani. Alikuwa waziri wa vyama vya ushirika, kisha wa ujenzi, na alikuwa na bendera kwenye gari kama mawaziri wengine. Hapo mjomba yuko sawa, na binti aandike hivyo bila kuona haya.

Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, ambaye wengi humjua kama JM, aliuawa. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi ikiongozwa na Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Kamati ilipomaliza, ripoti iligusa watu wakubwa, na majina mawili yaliyokuwa karibu sana na Rais yaliondolewa kabla haijafika mezani. Hata ikiwa imepunguzwa hivyo, serikali haikutaka bunge liikubali. Ilitaka wabunge waseme tu kwamba wameiona, kisha ilazwe kabatini.

Hapa binti atahitaji kuelezwa mambo yanavyokwenda. Mbunge wa kawaida aliweza kupiga kura anavyotaka, akabaki na kiti chake. Waziri hawezi. Baraza la mawaziri huwajibika pamoja: mkishakubaliana, au mkishaambiwa mmekubaliana, unapiga kura na serikali au unajiuzulu. Kwa hiyo siku ile ya Juni 1975, kila waziri aliyekuwa ndani ya ukumbi alijua bei ya kura yake kabla hajainuka. Muliro alipiga kura pamoja na wabunge wa viti vya nyuma. Mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen nao wakafanya hivyo. Serikali ikashindwa kwa kura chache, na wote watatu wakapigwa kalamu mara moja.

Mrudishe mjomba kwenye mwaka huo. Madai yake ni kwamba Muliro aligeuka kwa kunyimwa. Lakini 1975 alikuwa na kila kitu, na akakipoteza kwa kura aliyopiga kwa hiari, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa wa kabila lake wala wa mkoa wake, miaka 16 kabla ya vuguvugu la vyama vingi kufanikiwa. Miezi minne baadaye Martin Shikuku wa Butere alisema bungeni kwamba kuna watu wanajaribu kuliua bunge kama KANU ilivyouawa. Naibu Spika Jean-Marie Seroney, alipotakiwa amlazimishe athibitishe, akasema lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili waliishia kizuizini. Bunge la 1975 lilikuwa na watu, Mama, na wengi wao walitoka upande wetu wa nchi.

Miaka ya themanini naipita haraka. Kifungu cha 2A kiliingizwa kwenye katiba 1982 na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 watu wakapanga foleni nyuma ya picha za wagombea, kura za mlolongo, na mara nyingine mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Wengi walioamini kwamba KANU inaweza kusafishwa kutoka ndani walikata tamaa mwaka huo.

Agosti 1991 likatangazwa vuguvugu la FORD, la kudai vyama vingi. Waanzilishi walikuwa sita: Jaramogi, Muliro, Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Idadi hiyo ilikuwa na sababu yake. Sheria ya vyama ilihesabu jumuiya ya watu kumi au zaidi kuwa chama kinachopaswa kusajiliwa, na serikali isingewasajili. Wakiwa sita hawakuhitaji kibali cha mtu. Novemba 16 waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ingawa umepigwa marufuku. Muliro, mzee wa miaka 69, alizunguka Nairobi garini na wenzake huku vijana wakikimbia pembeni, polisi wakiwa nyuma yao, mpaka wakakamatwa. Baadaye mwezi huo wafadhili walisimamisha misaada kwa serikali, na Desemba kifungu cha 2A kikafutwa. Binti asimpe Muliro sifa yote, wala FORD yote. Kulikuwa na wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliowekwa kizuizini 1990, kulikuwa na mawakili, maaskofu, akina mama, na vijana wa Saba Saba, maandamano ya Julai 7, 1990, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Hiyo picha ya babu basi ina thamani kuliko mnavyodhani, kwa sababu ameandika mwezi. Mkutano wa kwanza halali wa FORD pale Kamukunji ulikuwa Januari 18, 1992. Ule wa Novemba ulikuwa wa kukimbizana. Huyo mzee alisafiri kutoka Kitale kwenda kushuhudia kitu ambacho miezi miwili nyuma kingemfikisha seli. Binti aiweke hiyo picha kwenye insha. Na aulize ndugu wa babu waliosalia walisafiri vipi, nani aliwachangia nauli, walirudi lini. Majibu hayo hayapo kitabuni, na walio nayo wanapungua kila mwaka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lazima aliguse, ijapokuwa linauma Trans Nzoia. Mwishoni mwa 1991, wakati Muliro anadai vyama vingi, baadhi ya wakubwa wa KANU kutoka jamii zilizokuwa pamoja naye ndani ya KADU ya zamani walifanya mikutano Bonde la Ufa wakidai majimbo, safari hii wakimaanisha kwamba "wageni" warudi kwao. Vita vya kikabila vikaanza Nandi na kufika Trans Nzoia na Bungoma. Nyumba zilichomwa, na familia zikalala kwenye makanisa na vituo vya soko. Lile wazo la 1960 likawa fimbo ya kuwapiga watu wa Muliro mwenyewe. Nikiulizwa alikosea wapi, ningesema hapo: yeye na wenzake hawakufikiria vya kutosha usalama wa mtu anayeishi katika jimbo lisilo la kabila lake. Katiba ya 2010 ilijaribu kuziba tundu hilo. Kaunti zetu 47 zinapata fedha na mamlaka, lakini haki ya kuishi na kumiliki mali popote nchini inalindwa na katiba ya taifa, na hakuna kaunti yenye polisi wake. Mtu akikuambia ugatuzi ni majimbo ya KADU yaliyofufuka, mwambie ni nusu ya ukweli.

Kuhusu kifo. Katikati ya 1992 FORD ilikuwa inapasuka, upande wa Jaramogi na upande wa Matiba, na wengi walimtazama Muliro kama mzee anayeweza kuwapatanisha, pengine hata kusimama yeye. Agosti 14, 1992 alitua Nairobi akitoka London, ambako alikwenda kutafuta fedha za chama, akaanguka papo hapo uwanja wa ndege na kufariki. Alikuwa na miaka 70. Hakuna upasuaji wa maiti uliofanywa, na hilo peke yake limetosha kulisha uvumi kwa zaidi ya miaka 30. Bila upasuaji hakuna anayeweza kuthibitisha sumu, na hakuna anayeweza kuikanusha kwa ushahidi wa daktari. Kwa hiyo binti aandike kwamba alifariki ghafla, kwamba maiti haikufanyiwa uchunguzi, na kwamba watu wengi wa magharibi hawakuridhika. Yote matatu ni kweli. Akiandika "aliuawa", mwalimu wake ana haki ya kumuuliza amejuaje. FORD ikagawanyika, na Desemba Moi akarudi ikulu kwa asilimia 36 hivi ya kura, wapinzani wakigawana nyingine zote.

Je, tumwite mwanamageuzi? Mimi namwita hivyo, nikimaanisha kitu mahususi: tangu 1957 hadi 1992 alirudia pingamizi moja, kwamba madaraka yote yasikae mkono mmoja. Alilisema vibaya mara nyingine, akiwa na washirika wa kutiliwa shaka. Alikaa kimya mara nyingine, akiwa waziri. Lakini alilipia pingamizi hilo angalau mara moja wakati hakuwa na haja ya kulipa. Mwalimu mwenzangu anaweza kuyasoma maisha hayo hayo na kusema ni mwanasiasa wa kawaida aliyekuwa na siku mbili tatu za ushujaa, na sitagombana naye. Insha ya kuogopa ni ile inayomfanya malaika, kwa sababu mjomba ataibomoa kwa neno moja tu, KADU. Binti aanze na KADU yeye mwenyewe, katika aya ya pili, kabla hajaulizwa.

Kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, Hansard, zipo kwenye intaneti bure. Atafute Juni 1975 na asome maneno yenyewe. Mkipata nafasi ya kufika Nairobi, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue zinapokea wasomaji, na mhudumu wa kaunta atamsaidia mtoto kuliko mimi ninavyoweza kwa barua. Kwa wazee, aende na mtu mzima anayewafahamu, aombe ruhusa kabla ya kurekodi, na asianze na swali la vita.

La shamba siwezi kulijibu, na usimkubali mwanahistoria yeyote anayejidai anaweza. Inawezekana kabisa baba yako alisema kweli: mashamba mengi ya masetla Trans Nzoia yalinunuliwa na watu waliochanga fedha kupitia kampuni na vyama vya ushirika, na Muliro alikuwa waziri wa ushirika baada ya 1969. Lakini "kwa mkono wa Muliro" haisomeki mahakamani. Tafuteni stakabadhi za michango, kadi ya uanachama, nambari ya ploti, barua yoyote yenye muhuri. Mkiwa nazo, nendeni wenyewe ofisi ya ardhi ya Kitale mfanye upekuzi rasmi wa hati, mkaulize pia kwa maafisa wa ushirika kama daftari la chama kile bado lipo. Ikiwa jina la baba bado ndilo lililo kwenye hati, au ikiwa kuna jirani ameanza kusogeza mpaka, muoneni wakili kuhusu mirathi kabla ya kufanya lolote jingine. Na mjomba mwende naye, maana huenda stakabadhi nyingine ziko kwenye sanduku lake.